Chumba cha Ndani

Ulianza Jumatatu, chini ya titi la kushoto:
upele kama punje za mtama ulioroweshwa,
ukafuata ubavu mpaka uti wa mgongo
ukakoma pale pale, katikati,
kama uliokatwa kwa rula.
Kanga ikimgusa, mama huuma meno.
Yeye aliyedarizi kofia miaka hamsini,
aijuaye sindano kuliko alivyomjua mumewe wa pili,
akaniambia: "Kuna mtu yuwanidarizi kwa ndani,
na mkono wake si mwepesi."

Nikasema twende kwa Shekue, zahanati.
Akakataa. Jina la ugonjwa, mkanda wa jeshi,
alikwisha kulisoma machoni mwa Bi Amria wa nyumba ya pili,
aliyeleta sahani ya mkate wa mofa, akachungulia,
akaiacha sahani kizingitini
na hakurudi kuichukua.
Mkomani kuna sikio katika kila tundu la ukuta,
na mtaa wote unaijua maana moja tu ya mkanda.
"Miaka sabini na sita," mama alisema,
"mjane mara mbili,
leo ndipo napewa sifa ya uhuni!"
Akacheka. Kicheko kikamchoma mbavu, akalia.

Siku ya sita tukaenda.
Shekue hakunong'ona. Aliuliza tu:
"Uliwahi kuugua tetekuwanga?"
Mama akanyamaza, akitafuta mbali.
Alikuwa wa miaka saba. Watoto sita, mkeka mmoja,
chumba cha ndani kisicho dirisha,
nyanya yao akiwapaka mwarobaini uliotwangwa,
akiwafunga vidole kwa vitambaa wasijikune.
Wakapona. Wakaoshwa. Wakatoka kucheza.
"Ninyi mlitoka," Shekue akasema. "Yeye hakutoka."
Kirusi kile kilijikunja kwenye shina la mshipa wa fahamu
miaka sitini na tisa,
kikisikiliza nyayo za walinzi.

Na walinzi?
Nyuma ya mfupa wa kifua, alisema, kuna chuo kidogo
wanamofunzwa askari wa damu
kumtambua mwenyeji na adui.
Utotoni wanafunzi hujaa hadi mlangoni.
Kila mwaka mikeka hukunjwa, miwili, mitatu;
uzeeni chumba kimejaa mafuta
na mwalimu anausomesha ukuta.
Waliobaki ni wa zamani:
adui wa mwaka wa njaa wanamkumbuka kwa jina,
huyu mgeni wa kifua wanamkaribisha kahawa.
Tena wana hasira za bure, huwasha jiko usiku kucha
na hakuna kilichobandikwa.
Ndiyo maana mafua ya mjukuu, kwake siku tatu,
kwako ni kitanda cha mwezi.

"Basi si aibu," mama akasema.
"Ni umri."
"Na dawa?"
Shekue akaitazama kalenda, hakumtazama yeye.
Dawa hupenda siku tatu za mwanzo.
Hizo tatu tulimpa Bi Amria.

Malengelenge yalikauka. Sindano haikukauka.
Sasa anadarizi amesimama, kanzu imelegezwa upande mmoja,
na kofia moja humchukua miezi.

Tuliambiwa mtoto asilale naye mpaka magamba yaanguke.
Lakini Mwanaesha ana miaka minne,
na mlango wa ndani hauna komeo.
Ijumaa ya pili, lengelenge la kwanza,
dogo, la maji, nyuma ya sikio.

Mama amekaa kando ya mkeka.
Anachana vitambaa vilivyosalia vya kofia,
anavifunga vidole vile vidogo, kimoja kimoja,
na kwa kila kidole anataja mtu:
Fumo. Zena. Bwanaheri. Mwanakombo. Aboud.
Watano wa mkeka ule, wote wamekwisha kuzikwa.
Mkono wa kwanza umekwisha.
Anauomba wa pili.